Mstari wa Mfano

Wanaosema kwamba nchi hii haipo ni wale ambao hawajawahi kujaza fomu zake. Ipo, na ina wilaya sitini na moja, wimbo wa taifa wenye beti kumi na nane, na Wizara ya Afya na Uhakika yenye jengo la ghorofa nyingi kuliko hospitali zote za nchi zikipangwa moja juu ya nyingine. Serikali yake haiamui jambo bila utafiti. Hata ukuta wa choo cha Wizara ulipakwa rangi ya kijivu baada ya watu elfu nne kuhojiwa, na wote wakasema wanataka choo chenye maji.

Katika wilaya ya mbali, ambayo mji mkuu uliijua kwa namba tu, yaani Arobaini na Nne, aliishi karani wa kituo cha afya aitwaye Nasibu Ligombe. Niseme mapema ili asije akawadanganya mbele ya safari: Nasibu alikuwa mwoga. Akiona bahasha ya kaki, tumbo linamkata. Akiitwa jina lake lote, anatafuta mlango. Alikuwa na kipaji kimoja, nacho ni mwandiko. Herufi zake zilisimama wima, zimenyooka, utadhani zimepigwa pasi.

Kwa mwandiko huo alikuwa ameandika vifo vya wazazi, yaani wanawake wanaokufa kwa uzazi, kwa miaka sita. Walikuwa kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyegundua, bila kutumwa na mtu, kwamba tisa kati yao walikufa kwa jambo lilelile: walivuja damu baada ya kujifungua, na chupa za damu ziko mji mkuu, safari ya siku mbili kwa gari. Aliliandika hilo kila mwezi katika safu ya Maoni, iliyokuwa na upana wa kidole kimoja, pale mwisho wa fomu.

Wa kumi na mbili alikuwa Tausi Ngwale. Huyu alifariki vibaya, nikimaanisha kiutawala. Fomu ya zamani ilikuwa imefutwa Ijumaa, na fomu mpya ilikuwa haijatengenezwa. Tausi akafa katikati, katika siku ambazo hazikuwa na fomu, kwa hiyo hakuandikwa popote. Mama yake, Bibi Nambela, akawa anakuja kila Jumanne kwenye dirisha la Nasibu.

"Mwanangu ameshaandikwa?"

"Bado, Bibi. Fomu haijafika."

"Haya. Nitapita tena."

Alikuwa halii wala halalamiki. Nasibu alimwogopa kuliko bahasha ya kaki.

* * *

Siku moja bahasha ilikuja kweli. Nasibu anatakiwa mji mkuu, kwenye Warsha ya Taifa ya Kuandaa Fomu Mpya. Alisafiri siku mbili akijiuliza amekosa nini.

Hakuwa amekosa. Profesa Kilindo, Mkurugenzi Mkuu wa Uhakika, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kuonekana akimsikiliza mtu mpaka mwisho, alimpokea kwa mikono miwili.

"Bwana Ligombe, mwandiko wako ni hazina ya taifa. Fomu yetu mpya ina safu arobaini. Makarani wetu, Mungu awasaidie, hawajui kujaza hata tatu. Tunataka mstari wa kwanza wa kila fomu uwe umekwisha jazwa, ili waone mfano. Utauandika wewe, nasi tutauchapisha ulivyo."

"Niandike nini, Mheshimiwa?"

"Mtu wa kweli. Mfano wa uongo ni uongo. Lakini usithubutu kuandika mgonjwa, maana Sheria ya Siri inakataza. Andika mtu unayemjua safu zote arobaini. Harakisha, chai inapoa."

Nasibu aliziangalia zile safu. Umri. Kazi. Rangi ya mlango wa nyumba. Chakula cha mwisho. Mguu unaotangulia kuvuka kizingiti. Hakuna mtu duniani aliyemjua kiasi hicho isipokuwa mmoja. Basi akaandika: Siwema, miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, mlango wa kijani, kisamvu, mguu wa kushoto. Alikuwa mke wake. Alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Safu ya arobaini ilikuwa Matokeo. Kwa kuwa fomu ilikuwa ya vifo vya wazazi, hapakuwa na nafasi ya kuchagua. Nasibu aliandika "amefariki" kwa mwandiko wake mzuri. Alitaka kuomba karatasi nyingine. Aliogopa kuomba.

Alipokwenda kunywa chai alimkuta mpishi akiwasha jiko la mkaa kwa vipande vyembamba vya karatasi. Kulikuwa na magunia ya vipande hivyo, yamejaa.

"Hizi ni nini, mama?"

"Safu ya Maoni. Fomu ni pana, haiingii kwenye Mashine ya kuhesabia, basi wanaikata kwa mkasi. Inashika moto vizuri, hasa ile yenye wino mwingi."

Nasibu alichungulia ndani ya jiko. Herufi zake zenyewe, zimesimama wima, zilikuwa zinaungua. Alikunywa chai ile kwa sababu aliogopa kuikataa.

* * *

Fomu zilichapishwa, zikaenda wilaya sitini na moja, zikajazwa, zikarudi, zikakatwa maoni, zikaingizwa kwenye Mashine. Mashine ilifuta majina yote, kwa kuheshimu siri, kisha ikaanza kutafuta kinachojirudia. Wanawake wa kweli walikuwa wamekufa kila mmoja kwa mlango wake na chakula chake, hawakufanana hata kidogo. Ila alikuwapo mmoja aliyefanana na mwenzake kila wilaya, safu kwa safu, tena kila mara katika mstari wa kwanza.

Taarifa ikasomwa redioni na Profesa mwenyewe. Utafiti mkubwa kuliko wote katika historia ya taifa umebaini kwamba kinachoua wazazi ni cherehani, mlango wa kijani, kisamvu na mguu wa kushoto, hasa vikikutana kwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Serikali haitakaa kimya.

Haikukaa. Vyerehani vya wajawazito vilikusanywa na kufungiwa kwenye ghala. Milango ya kijani ilipakwa rangi nyeupe, na aliyekosa rangi aling'olewa mlango. Kisamvu kikapigwa marufuku kilomita tano kuzunguka kila kliniki. Wanawake wa miaka ishirini na nane waliagizwa wavuke moja kwa moja mpaka thelathini. Bajeti iliyokuwa imetengwa kwa majokofu ya damu ilihamishiwa kwenye rangi nyeupe.

Nasibu alisikia taarifa ile akiwa amekaa kwenye kigoda chake, nje ya mlango wake wa kijani. Redio ilimponyoka.

Alikuwa na sababu mbili za kuogopa, na moja ilikuwa ya kweli zaidi. Ya kwanza ni sheria: kuichafua takwimu ya taifa lilikuwa kosa, na adhabu yake ni kufutwa kwenye idadi ya watu, jambo ambalo hakuna aliyerudi kueleza likoje. Ya pili ni kwamba Siwema alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Chiku, alivuja damu mpaka midomo ikawa ya majivu. Aliokoka kwa kuwa siku ile gari la damu, likielekea kwingine, lilivunjika gia palepale wilayani. Nasibu alijua, kwa hesabu yake mwenyewe iliyochemsha chai ya Wizara, kwamba gari haliharibiki mara mbili mahali pamoja.

* * *

Wakaguzi walianza kupita nyumba kwa nyumba, kumtafuta mwanamke hai mwenye sifa zote arobaini. Walimpata mwezi wa nane wa mimba yake, akivuka kizingiti kwa mguu wa kushoto na bakuli la kisamvu mkononi. Wakapiga simu mji mkuu wakilia kwa furaha.

Nasibu ikabidi amwambie.

Siwema alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikaa akikunja kitambaa ambacho hakikuwa na cherehani ya kukishona.

"Uliniandika mimi."

"Nilikuandika."

"Nimekufa."

"Kwenye mfano, Mama Chiku. Kwenye mfano tu."

"Mwandiko ulikuwa mzuri?"

Nasibu alilia kama mtoto, na mkewe akamwacha alie, maana naye alikuwa amekasirika, na hasira ile ilikuwa ya haki.

"Sikiliza, Baba Chiku," akasema baadaye. "Siku yangu ikifika, usikae dirishani na makaratasi yako. Uje ukae unitazame. Umeniandika bila kunitazama, sasa utanitazama."

Profesa Kilindo aliwasili Jumatatu na wataalamu kumi na mmoja, wote wameshiba, wote na madaftari. Walikuja na jeneza. Lilikuwa jeneza la serikali, limepakwa rangi nyeupe na namba 62 ubavuni, likaegeshwa kwenye ukumbi wa kituo cha afya kwa ajili ya kuokoa muda.

Nasibu alipoliona, woga wake ulizidi kipimo, na woga ukizidi kipimo wakati mwingine unafanana na ushujaa. Alikwenda mbele ya Profesa akakiri kila kitu.

Profesa alicheka kwa upole. "Unataka kuniambia hawa sitini na moja ni mtu mmoja?"

"Ni mke wangu, Mheshimiwa. Tazama mstari wa kwanza wa fomu yoyote. Ni mwandiko wangu."

"Tumeutazama. Kila wilaya, mwandiko uleule. Ugonjwa unaoweza kubadilisha hata mwandiko wa karani! Hilo ndilo lililotutisha kuliko yote." Alimshika bega. "Na fikiri kidogo, Bwana Ligombe. Mtu mmoja anaweza kufa mara sitini na moja?"

"Hawezi, Mheshimiwa."

"Basi umejijibu." Akamgeukia mwandishi wake. "Ongeza safu ya arobaini na moja. Mume huchanganyikiwa."

* * *

Uchungu ulimshika Siwema Jumatano, saa nne asubuhi. Wataalamu walipanga viti ukumbini kwa mstari, wakafungua madaftari ukurasa mpya. Nasibu aliingia ndani akakaa kando ya kitanda, akamtazama mkewe kama alivyoagizwa.

Mkunga alikuwa Sista Apolonia, mwembamba, mkavu wa maneno, aliyekuwa amewazalisha mama za nusu ya watu wa Arobaini na Nne na alikuwa na hasira na nusu nyingine. Saa saba mtoto alitoka, wa kiume, akalia. Ukumbini wataalamu walitazamana kwa wasiwasi. Kisha damu ikaanza.

Sista alifanya yote anayoyajua. Alichoma sindano, alikanda tumbo, alibonyeza kwa mikono miwili mpaka jasho likamdondoka. Damu ilipungua, haikukoma, na iliyokwisha toka ilikuwa nyingi. Midomo ya Siwema ilianza kuwa ya majivu. Nasibu aliijua rangi ile.

"Baba Chiku," Siwema akasema polepole, "nimefika safu ya ngapi?"

Nasibu aliushika mkono wake na hakuthubutu kufumba macho. Aliogopa kwamba akifumba, ataona neno lile aliloliandika.

"Anahitaji damu," Sista alimnong'oneza. "Kundi B. Mifuko ninayo, serikali ilileta mia mbili mitupu. Wewe na mimi ni A. Ndugu zake wako mtoni, mpaka waje…" Akageuza shingo kutazama ukumbini, ambako wanaume kumi na wawili wenye afya njema walikuwa wamekaa wakisubiri mauti kwa kalamu zilizochongwa.

Sista Apolonia alinawa mikono, akavaa uso wa mtu asiyejua kitu, akatoka.

"Samahani, Profesa. Kundi lenu la kulinganisha liko wapi?"

"La nini?"

"Mimi ni mkunga tu, nisamehe. Ila nilisikia kwamba utafiti usio na kundi la kulinganisha, yaani watu wenye afya wanaopimwa sambamba na mgonjwa, mabingwa wa ng'ambo huucheka."

Rangi ilimtoka Profesa. Hakuna neno lililomwogofya kuliko kuchekwa ng'ambo. "Tunalo," akasema haraka. "Kundi ni sisi wenyewe. Lilipangwa tangu mwanzo."

"Nilijua. Basi mtatoa sampuli. Nusu lita kila mtu."

"Nusu lita? Kwa kawaida huwa ni matone."

"Matone ni kwa utafiti mdogo, Profesa."

Wote kumi na wawili walikunja mikono ya mashati. Sista aliwatoboa vidole, akapima makundi, akapima na usalama wa damu kwa vipimo alivyovificha kabatini miaka miwili kwa siku kama hiyo. Wanne walikuwa kundi B. Mmoja wao alikuwa Profesa Kilindo, ambaye aliambiwa kwamba damu yake ni ya daraja la kitaifa, akalala kwenye benchi akitabasamu, na mfuko ulipojaa akazimia. Hapakuwa na mahali pengine pa kumlaza, wakamlaza kwenye jeneza.

Mifuko ilipita mlangoni ikiwa bado na joto. Nasibu aliuona wa kwanza ukining'inizwa, akaona matone yakishuka, akayahesabu. Aliposahau hesabu alianza upya. Mfuko wa pili. Mfuko wa tatu. Katikati ya mfuko wa nne, midomo ya Siwema ilirudiwa na rangi, akafungua macho.

"Bado unanitazama?"

"Bado."

"Basi mtazame na mwanao."

Siwema hakufa. Naandika hivyo waziwazi, kwa kuwa kwenye vitabu vya Wizara mpaka leo imeandikwa tofauti.

* * *

Msidhani utafiti ulikwama. Profesa alipozinduka alipata ugunduzi mpya palepale ndani ya jeneza. Mwanamke mwenye sifa zote arobaini amepona. Ni kitu gani kilikuwapo safari hii ambacho wale sitini na moja hawakuwa nacho? Viongozi kumi na wawili.

Taarifa ikasomwa redioni: uwepo wa viongozi huzuia vifo vya wazazi. Ikaamriwa kwamba mwanamke yeyote asijifungue bila viongozi kumi na wawili kuwapo. Viongozi hawakutosha, hivyo ikachapishwa picha yao, wamekaa kwa mstari na madaftari, ikatundikwa katika kila chumba cha kujifungulia. Sindano kwa wageni wa serikali zilipigwa marufuku, kwa kuwa ziligundulika kuleta kizunguzungu. Nasibu aliandika katika safu ya Maoni kwamba kilichomponya Siwema ni lita mbili za damu. Aliandika kwa wino mwingi, huku akijua jiko litafurahi.

Mwezi wa pili baada ya amri hiyo, mwanamke wa kijiji cha jirani alivuja damu mchana kutwa, akafariki akiitazama picha ile.

Kisha bahasha ya kaki ikaja. Fomu itachapishwa upya, maana sasa kuna safu ya arobaini na mbili, Idadi ya Viongozi. Karani mwenye mwandiko wa hazina anaombwa mji mkuu, aandike mstari wa mfano.

Ilikuwa Jumanne. Bibi Nambela alikuwa dirishani.

"Mwanangu ameshaandikwa?"

Nasibu aliitazama bahasha. "Bibi," akasema, "nikimwandika Tausi, jina lake litasomwa na watu wengi. Nchi nzima. Na mimi huenda nikafutwa."

Bibi Nambela alifikiri. "Ni jina zuri," akasema. "Waache walisome."

Siwema alimfungia maandazi ya njiani. Alimwuliza kama anaogopa. Nasibu akasema ndiyo, sana. Siwema akamwambia basi aogope huku akienda, na akamsindikiza mpaka barabarani na mtoto mgongoni.

Huko mji mkuu, Profesa Kilindo alimpa kiti, kalamu mpya, na fomu tupu yenye safu arobaini na mbili. "Mtu wa kweli," akakumbusha. "Na harakisha, chai inapoa." Akaenda kunywa chai, kwa kuwa hakuwahi kusoma mstari wa mfano wala hakukusudia kuanza leo.

Nasibu aliivuta fomu karibu. Hakuna mtu asomaye maoni, alijua. Wala hakuna asomaye wafu. Katika nchi ile kinachosomwa ni mfano tu.

Jina, akaandika: Tausi Ngwale. Umri: ishirini na mbili. Kazi: alikuwa akisubiri damu. Rangi ya mlango: uliachwa wazi kwa ajili ya gari la damu. Chakula cha mwisho: hakula, alisubiri damu. Mguu unaotangulia: hakusimama tena, alikosa damu. Akaendelea hivyo safu kwa safu, herufi zimesimama wima kama siku zote, ingawa aliyeziandika alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye soksi. Idadi ya Viongozi: hata kumi na wawili wasingetosha, damu haikuwapo. Matokeo aliyaacha mpaka mwisho, akaandika neno lile ambalo safari hii lilikuwa kweli.

Aliikabidhi karatasi mapokezi, ikagongwa muhuri bila kutazamwa, ikapelekwa kwenye mtambo wa kuchapia. Nasibu alisimama koridoni, akasikiliza mtambo ukianza kunguruma. Tausi, ambaye hakuwa amehesabiwa hata mara moja, sasa angehesabiwa mara sitini na moja.